Mlio wa Kushoto, Mlio wa Kulia

Kaka yangu Kulwa ni fundi wa redio na simu hapa Segese, na anaweza kushinda kutwa nzima na neno moja tu mdomoni. Mteja akileta spika iliyokufa, Kulwa ataifungua, ataigusagusa kwa ncha ya bisibisi, kisha atauliza bila kuinua kichwa, "Unasikia?" Ukisema husikii, anarudi kwenye nyaya zake. Ukisema unasikia, anafunga skrubu na kazi imekwisha. Cherehani yangu iko kwenye baraza hiyohiyo, hatua tatu kutoka meza yake, na kwa miaka kumi na moja nimelisikia swali hilo kuliko nilivyosikia jina langu. Siku moja nilimwambia kwamba akija kuoa, atamwuliza na bibi harusi vilevile mbele ya padri. Hakucheka. Kulwa hucheka kwa mgawo, mara mbili kwa mwaka, na mwaka huo alikuwa ameshamaliza.

Mimi naitwa Shija. Kwa Msukuma hayo ni maelezo tosha, maana Shija ndiye anayezaliwa nyuma ya mapacha. Kulwa alitangulia, Doto akafuata, na miaka miwili baadaye nikaja mimi nikakuta mgongo wa mama umeshachoka kubeba watu. Watu walikuwa wakija nyumbani kuwatazama mabasa, yaani mapacha, na mimi nilikuwa wa kutumwa kuleta maji ya kunywa. Sisemi hivyo kwa wivu. Nasema ili mjue kwamba nimewatazama hao wawili tangu nimepata akili, na hakuna aliyewajua zaidi yangu.

Maneno ambayo Kulwa hakuyatumia, Doto aliyachukua yote. Alikuwa mtu wa hadithi, wa utani, wa kuingia kwenye kila mazungumzo hata asiyoyajua. Ujana wake aliumalizia Shinyanga mjini akibeba abiria kwa baiskeli, na alikuwa akijisifu kwamba anaweza kupanda mlima na mama wa kilo tisini nyuma huku akimsimulia kisa, na wakifika yeye hajatweta. Baadaye dhahabu ikamwita kama ilivyowaita wenzake. Akaja huku kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, akaoa mke wa Kikurya anayeitwa Bhoke, wakapata binti, Hosiana. Nyumba yao iko nyuma ya soko. Kila jioni Doto alipopanda kutoka shimoni alipitia barazani kwetu kwanza, na Kulwa hakuwa akifunga duka kabla hajamwona. Hawakuwa wakiongea cha maana. Doto aliongea, Kulwa alikunja nyaya.

Mvua za Machi mwaka juzi zililoanisha udongo, matimba ya kuzuia ukuta wa duara yakaachia, na jiwe likamwangukia Doto mgongoni. Walimtoa akiwa hai. Kuanzia kiunoni kushuka chini hakuwa na kitu tena, si maumivu, si baridi, si mguso. Hospitali walituambia wazi kwamba uti wa mgongo umekatika na hawezi kutembea. Mama alizimia. Kulwa aliuliza kama kuna sehemu ya kuunganisha.

Doto mwenyewe ndiye aliyetutuliza. Tulipokuwa tumejipanga kandokando ya kitanda na nyuso za msiba, alisema, "Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimevunjika mgongo, guu liko salama salimini. Kwa hiyo sijui ni la nani ambalo sikulisikia." Bhoke alicheka huku machozi yanamtoka. Hivyo ndivyo alivyokuwa Doto, alikuwa hawezi kuvumilia uso wa mtu mwenye huzuni. Nawaomba mlishike hilo, maana ndilo lililomwua.

Pale hospitali kulikuwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayeitwa Stanslaus. Sisi tulimwita daktari, naye alishachoka kutukatalia. Alikuwa na mashine ya kuchezesha misuli, kisanduku kidogo chenye nyaya, na mwisho wa kila waya kuna kibandiko kinachonata. Alibandika viwili kwenye paja la Doto, akawasha, na mguu ule ambao ulikuwa umelala wiki sita ukajikunja wenyewe. Sote tuliruka. Kulwa hakuruka. Alitoa mfukoni redio yake ndogo ya kujaribia, akaiwasha katikati ya stesheni mbili, akaisogeza karibu na zile nyaya. Redio ikakoroma: trrr, kimya, trrr, kimya, na kwa kila mkoromo mguu ulicheza.

"Huu ni mlio tu," Kulwa alisema.

Stanslaus alicheka, akamkubalia kwa namna fulani. Alieleza kwamba umeme ule hupanda na kushuka kama unavyopanda na kushuka umeme unaokwenda kwenye spika, na kwamba kuna watu wamewahi kuendesha mashine kama ile kwa sauti inayotoka kwenye simu. Halafu akaacha kucheka. Alisema mashine hairudishi miguu. Kazi yake ni kuzuia nyama isiishe na kuisaidia damu izunguke. Alisema ngozi ya Doto haina alamu: sisi tukiungua tunaruka, yeye ataungua akiwa anapiga hadithi. Alisema kama Kulwa ataunda kitu chochote, amletee kwanza akipime. Na mwisho, akiwa anakusanya nyaya zake, alisema kwamba ikitokea siku Doto akasikia kitu kwenye miguu, hata kama ni kama sisimizi anapita, tumpigie simu siku hiyohiyo, maana hiyo ingekuwa habari nyingine kabisa.

Katika yote hayo Kulwa alibeba la mwisho. Mengine aliyaacha palepale wodini. Nilikuwepo, niliyasikia yote, na mimi pia sikumkumbusha.

Tulipomrudisha Doto nyumbani, Kulwa alianza kazi. Kikuza sauti alikitoa kwenye sabufa iliyotelekezwa na mwenyewe, akaongeza transfoma ndogo, vyote akavipanga ndani ya kopo la plastiki la kuwekea chakula. Milio aliitengeneza kwenye simu. Mtu anayesikiliza kwa spika za masikioni anajua kwamba sikio la kushoto linaweza kupata sauti yake na la kulia yake. Kulwa alifanya hivyohivyo, ila badala ya masikio akaweka mapaja: mlio wa kushoto uende mguu wa kushoto, mlio wa kulia uende mguu wa kulia, kwa zamu. Mimi alinipa kazi ya kushona mikanda ya jinzi ya kushikilia vibandiko visibanduke. Nilishona mshono wa mara mbili, nikabana sawasawa, nikajipongeza.

Kisha alichukua baiskeli kuukuu, akaiinua kwenye stendi ili gurudumu la nyuma lielee, akaondoa kiti na kuweka nyuma yake kiti cha mbao chenye egemeo. Miguu ya Doto ikafungwa kwenye pedeli kwa vipande vya tyubu. Na pembeni ya lile kopo Kulwa akaongeza kispika kidogo, kwa sababu fundi hawezi kushughulika na kitu asichokisikia. Kila mlio uliokwenda kwenye paja ulisikika na hapo nje. Hicho kispika hakikuwa na kazi yoyote nyingine, na natamani kingekuwa kibovu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, uani kwa Doto. Bhoke alikuwa ameacha kuosha vyombo, mikono bado ina povu. Hosiana alikuwa amekaa juu ya ndoo. Kulwa alibonyeza simu, kispika kikaanza: trrr, trrr. Mwanzoni miguu ilitikisika tu. Akaongeza sauti kidogo. Paja la kushoto likakaza, pedeli ikashuka. Paja la kulia likakaza, ikashuka ya pili. Gurudumu la nyuma likazunguka polepole, likashika mwendo, na Doto akawa anaendesha baiskeli. Alikuwa akiyatazama magoti yake yanapanda na kushuka.

Kulwa alikuwa amechuchumaa kando ya kopo, ameinamia nyaya. Akauliza anavyouliza siku zote.

"Unasikia?"

"Nasikia," Doto akajibu.

Kulwa aliinua kichwa. Niliona rangi ya uso wake inabadilika. Akauliza tena, polepole, na safari hii alikuwa akimtazama machoni.

"Doto. Unasikia?"

Doto alimwangalia. Ilipita kama nafasi ya milio minne au mitano. "Nasikia, Kulwa," akasema. "Kwa mbali, lakini nasikia."

Kaka yangu alikaa chini kwenye vumbi akalia. Sijawahi kumwona analia, hata alipozikwa baba. Bhoke akapiga kigelegele, majirani wakachungulia, na mimi nikamkumbatia Doto shingoni nikamwambia nilijua tu, wewe huwezi kushindwa na jiwe. Nilisema hivyo. Sikuwa nimejua chochote.

Kuanzia hapo Kulwa akawa mtu mwingine. Alianza kuongea. Wateja walishangaa, mwenye spika anaambiwa habari za misuli, mwenye simu iliyopasuka kioo anaambiwa, "Pacha wangu amesikia mguu, na bado." Alinipa mimi mpango mzima: wiki hii kwa mbali, mwezi ujao karibu, mwakani anasimama. Nilimwuliza kama amempigia Stanslaus. Akasema atampigia siku Doto atakaposimama, anataka ampeleke Doto daktari amwone kwa macho yake. Fundi yeyote hupenda kukabidhi kazi ikiwa imekamilika, na mimi ningefanya vivyo hivyo na gauni.

Kila siku saa mbili asubuhi, kabla ya kufungua duka, alikwenda kumfunga Doto kwenye baiskeli, akimkuta ameshajifunga mikanda mwenyewe chini ya kaptula. Kila siku aliuliza swali lake na kila siku Doto alisema anasikia. Kulwa aliamini kwamba mishipa inaamka na kwamba inahitaji kuitwa kwa nguvu zaidi, kwa hiyo akawa anaongeza sauti. Kutoka nusu saa akafika saa nzima. Miguu ikichoka haraka, anaongeza tena. Watu walikuja kutazama, wakarekodi kwa simu zao, video zikasambaa. Doto alirudiwa na utani wake. Aliwaambia watazamaji kwamba ndiye dereva pekee wa baiskeli mkoa mzima asiyelipa matairi wala kufika popote.

Bhoke ndiye aliyeanza kuingiwa na mashaka. Alimwuliza Kulwa kama sauti ile haijawa kubwa mno. Kulwa akamjibu kwa upole kabisa, "Shemeji, kama ingekuwa inamuumiza angesema. Si anasikia?" Na nani angebishana na hilo? Mtu anayesikia hushtuka. Mtu anayesikia hupiga kelele. Siku nyingine Bhoke alikuja barazani akaniambia kwamba uani kuna harufu ya manyoya ya mbuzi yakibabuliwa. Mimi, kwa huu mdomo wangu usio na pazia, nikamwambia ni mpira wa baiskeli unasuguana na stendi, aache kumtafutia mumewe mikosi. Aliinama akaenda zake. Neno hilo nitakwenda nalo kaburini.

Februari Doto alishikwa na homa. Tulidhani ni malaria, tukampa dawa za malaria. Siku ya nne Bhoke alinishika mkono akanifunulia shuka. Nyuma ya mapaja, pale mikanda yangu ilipobana, kulikuwa na vidonda vinne, kila kimoja kina ukubwa wa kibandiko, vyeusi pembeni na vibichi katikati. Viwili vilikuwa vimeshaingia ndani sana. Nilimwuliza tangu lini. Akasema hii ni wiki ya tatu. Alikuwa akivisafisha kwa maji ya chumvi na kuvifunga, na Doto alikuwa amemwapisha asimwambie Kulwa hata neno, akisema vitapona, akisema ni vya kukaa tu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilitaka kumpiga Bhoke, na nilijua sina haki hiyo.

Hospitali walisema sumu imeingia kwenye damu na kidonda kimoja kimefika mfupani. Stanslaus alikuja akasimama pale akavitazama muda mrefu. Alimwuliza Kulwa sauti alikuwa anaiweka wapi, Kulwa akamwonyesha kwenye simu. Akamwuliza kwa nini hakuacha. Kulwa akajibu kwamba Doto alikuwa anasikia, na kwamba ndiyo sababu alijua haiungui. Stanslaus alimpa karatasi ya dawa za kwenda kununua nje, na Kulwa alipotoka, akamwambia Doto afumbe macho. Akachukua sindano akaigusisha kwenye dole gumba la mguu, kwenye kisigino, kwenye goti, kwenye paja. Kila mahali alimwuliza kama amemgusa. Doto alikuwa amefumba macho na kila mara alisema ndiyo, hata pale ambapo sindano ilikuwa hewani.

Stanslaus alirudisha sindano kwenye trei. Nilimwomba kwa macho asiseme, akaondoka bila kusema. Doto alifumbua macho akakuta namtazama.

"Ile siku aliponiuliza," akaniambia, "nilijibu habari za spika. Si alikuwa ameweka spika pale? Nikajua ananiuliza kama inalia. Halafu akainua uso. Shija, wewe umewahi kumwona Kulwa na uso ule?"

Nilimwambia sijawahi.

"Basi. Ningemwambia nini tena?"

Nilimwambia angesema kesho yake. Akasema kesho yake Kulwa alikuja anaimba. Nilimwambia angesema alipoonyeshwa vidonda. Akasema kwamba alipenda pia kuendesha, kwamba akifumba macho na kusikiliza ile milio ilikuwa kama yuko barabarani, na alidhani mambo yote mawili yatakwenda pamoja. Akanitaka niape kwamba Kulwa hatajua. Nikaapa. Nilikuwa na hasira naye, na nilimpenda, na nikaapa.

Alifariki siku ya kumi na tisa tangu alazwe, mchana, wakati wa kuona wagonjwa. Hosiana alikuwa amemletea uji.

Tulimzika nyumbani kwetu kijijini, kando ya baba. Kulwa hakulia. Siku ya tatu, watu wengi walipokuwa wameshaondoka, alinifuata jikoni nilikokuwa nasugua sufuria, akasimama mlangoni. "Wewe ulikaa naye wodini," akasema. "Alikuwa anasikia, si ndiyo?"

Nilimwambia alikuwa anasikia. Nilijifariji kwamba si uongo. Lugha yetu hii haina neno moja la sikio na jingine la ngozi. Mlio tunausikia, baridi tunaisikia, na maumivu tunayasikia. Masikio ya Doto yalikuwa mazima, kwa hiyo alikuwa anasikia. Kulwa alitikisa kichwa, akachukua ndoo akaenda kuchota maji, na mimi nikaendelea kusugua nikidhani nimemsaidia.

Miezi miwili hakugusa lile kopo. Alitengeneza simu za watu, na hata lile swali lake akaacha kuuliza. Alikuwa akimpa mteja kifaa mkononi ajaribu mwenyewe. Halafu mwezi wa tano akapigiwa simu na mama mmoja kutoka Runzewe. Mwanawe Benjamini, kijana wa miaka ishirini na sita, alikuwa ametumbukia kwenye duara akavunjika mgongo. Mama huyo aliiona video ya mtu anayeendesha baiskeli Segese huku amepooza. Hakuwa amesikia kwamba mtu huyo ameshazikwa. Kulwa alimwambia, na mama akamwomba hivyohivyo.

Nilimkuta asubuhi ameliweka kopo mezani analifuta vumbi. Nilimwambia aache. Akanieleza kwa utulivu kwamba safari hii atakuwa mwangalifu, ataweka sauti ya chini, atakagua ngozi kila siku. Nilimwambia waende hospitali. Akasema atawaambia waende na hospitali pia. Nikapandisha sauti, nikamwuliza kama hajatosheka.

"Doto alisikia," akasema. "Aliyekatika uti wa mgongo alisikia, Shija. Mimi ndiye niliyeharibu kwa haraka zangu. Nikiliacha hili kopo hapa, atakuwa amekufa bure."

Akanipa vipimo vya mapaja ya Benjamini ambavyo mama yake alikuwa amemtumia, akaniomba nishone mikanda mipya. Nilikata kitambaa. Nilikaa nacho siku mbili kwenye cherehani bila kukanyaga pedeli. Niliwaza kiapo cha marehemu, na niliwaza ngozi ya kijana nisiyemjua. Nikawaza kwamba Kulwa akiuliza swali lake kule Runzewe, Benjamini naye atauona uso ule.

Siku ya safari alikuwa ameshafunga kila kitu kwenye begi isipokuwa mikanda. Alikuwa anafunga baiskeli kwa kamba kwenye pikipiki ya kukodi pale mbele ya baraza, mikono yote miwili ina kazi, simu yake ikaita juu ya meza. Akaniambia niipokee niweke sauti ya nje.

Nilimsalimu mama wa Benjamini shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu. Alisema wameshamwogesha na kumvalisha kaptula, yuko uani, anawasubiri. Sauti yake ilikuwa na furaha. Akasema kuna jambo moja tu, Benjamini anataka kuuliza kabla hamjatoka, ila anaona haya, kwa hiyo anamwulizia yeye.

"Yule wa kwenu," akasema, "alisikia kweli? Maana mwanangu anasema kama yule hakusikia, basi msimsumbue bure."

Kulwa alikuwa ameshikilia ncha ya kamba. Alinitazama akingoja nijibu, na usoni mwake hakukuwa na wasiwasi hata kidogo.

"Hakusikia, mama," nikasema. "Alikuwa anasikia kispika tu. Miguu hakuisikia hata siku moja. Iliungua akiwa hajui, na ndicho kilichomwua. Msimfunge mwanao na kitu chochote cha umeme mpaka hospitali wamwone."

Nikampa jina la Stanslaus na namba yake, nikamrudia mara mbili kwa sababu hakuwa na kalamu. Aliniuliza kwa hiyo hamji. Nikasema hatuji. Akasema asante, na kabla hajakata nilimsikia akimwambia mtu aliye karibu, kwa Kisumbwa, maneno ambayo sikuyaelewa.

Niliweka simu mezani. Mwenye pikipiki aliona nyuso zetu akasogea mbali. Kulwa alifungua kamba, akaishusha baiskeli, akaiegemeza ukutani, akaja kukaa kwenye kiti chake. Aliniuliza kama ni tangu siku ya kwanza. Nikamwambia tangu siku ya kwanza. Aliniuliza nimejua lini, nikamwambia wodini. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

"Angesema tu hasikii," akasema baadaye. "Neno moja. Ningezima siku ileile, nisingewasha tena."

"Alijua hivyo," nikamwambia. "Ndiyo maana hakusema."